Mwenzetu Mgonjwa Tusimkalishe

(Hotuba ya muuguzi mstaafu, mwanachama wa kikundi, siku ya kuadhimisha miaka kumi)



Waliotangulia wamesema juu ya hisa na mikopo. Mimi nitasema juu ya mwili, maana bila mwili hata hiyo hisa ya wiki haipatikani.

Upo ugonjwa unaoitwa maltipo sklerosisi. Kwa kifupi husemwa MS. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mwaka 1868. Unawapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, umri wa kulea na kutafuta. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Fikirini waya wa umeme uliochubuka: mara taa inawaka, mara inazimika. Mguu unakuwa mzito, macho yanafifia, mtu anayumba, tena anachoka kupita kiasi. Hauambukizi, si kurogwa, wala si uvivu.

Sasa, akina mama, tunamhurumia vipi mgonjwa huyu? Tunamnyang'anya ufagio. Tunamwambia, "Kaa tu mama, tutakufanyia." Hata madaktari wa zamani walishauri hivyo, wakihofia mazoezi yatamzidishia. Kumbe msuli usiotumika unalegea, na mgonjwa anapata udhaifu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitoa matokeo yao. Watu 54 wenye MS waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya mikono na miguu mara 3 kwa wiki, dakika 40 kila mara, kwa wiki 15. Hao walipata nguvu na pumzi zaidi ya wenzao. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba mazoezi husaidia kupunguza uchovu na huzuni, na kuimarisha mwendo. Hayaponyi MS, jamani, na dawa za daktari haziachwi.

Mwaka 2020 wataalamu wa chama cha MS cha Marekani walipendekeza walau dakika 150 kwa wiki, kila mtu kwa uwezo wake. Zisiwatishe. Ni kama hisa zetu: kidogo kidogo, bila kuruka wiki. Leo dakika 5, kesho kutwa 7.

Afanye nini? Ashike meza, asimame na kukaa kitini mara 5, apumzike, arudie. Atembee hadi kwa jirani, akae, arudi. Asiyeweza kusimama anyanyue mikono na miguu akiwa amekaa. Afanye asubuhi kabla jua halijakali, kivulini, na maji ya baridi karibu. Hata kitambaa chenye maji shingoni. Joto likimpanda macho yanaweza kufifia au mguu kulegea. Asiogope, aache, apoe, hali itarudi. Lakini dalili mpya ikidumu zaidi ya siku nzima, aende hospitali. Na kabla ya kuanza amwone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Ombi langu kwa kikundi ni hili. Mwenzetu akipatwa na MS, au kiharusi, au ugonjwa wowote wa kudhoofisha viungo, tusimfute kwenye zamu. Apewe kazi anayoiweza, saa za ubaridi, na kiti kiwepo. Mmoja wetu atembee naye, kwa mwendo wake yeye. Kumfanyia kila kitu ni huruma, lakini ni huruma inayomnyima miguu yake.

Akina mama, hoyee!