Mbwa wa Guniani na Mama Aliyenyamaza

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa huduma za jamii katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia



Leo sikuja na habari za mbuzi wa maziwa wala mikopo. Nimekuja na habari za mbwa. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka.

Katika kikundi kimoja ninachokitembelea kulikuwa na mama aliyefiwa na mumewe. Ugonjwa ule ulikuwa mrefu, ukala ng'ombe na akiba yote. Baada ya mazishi wageni walirudi makwao, na mama akabaki peke yake. Akaacha kuja mikutanoni. Mchango wake ukakatika, shamba likaota magugu. Mimi nilimtembelea mara tatu na daftari langu, nikamuuliza maswali yote niliyofundishwa chuoni. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Niko sawa tu." Kumbe hakuwa sawa.

Basi siku moja mtoto wa jirani akakuta gunia mtaroni karibu na soko. Ndani kulikuwa na watoto wa mbwa watatu, wawili wamekufa. Yule mmoja alimbeba, lakini akaogopa baba yake. Lango la kwanza njiani lilikuwa la yule mama. Mama akamwambia, "Mwache hapa mpaka kesho."

Usiku kucha yule mbwa alilia. Alfajiri mama akaamka, akawasha moto, akapika uji. Baadaye aliniambia, "Tangu mazishi sikuwa nimewasha moto asubuhi. Nilimpikia mbwa, nikaona na mimi nina njaa."

Majirani walikuwa wakimuuliza, "Umeshamtupa yule mbwa?" Naye akijibu, "Bado." Ndipo jina likawa hilo hilo, Bado. Akaanza kwenda buchari kuomba mifupa. Njiani watu wakamsalimu, wakamuuliza habari za mbwa wake. Kutoka kwa mbwa mazungumzo yakafika kwa marehemu. Jioni alikuwa akikaa kizingitini akimpapasa Bado na kumsimulia mambo ya mumewe, mpaka siku moja akatusimulia na sisi. Mwezi uliofuata alirudi kikundini. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni awe na miguu miwili.

Mtaniuliza, je, jambo hili ni la kweli au ni hadithi ya kina mama? Mwaka 2003 wataalamu wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walipima damu za watu na za mbwa, kabla na baada ya mtu kumpapasa mbwa kwa utulivu. Presha ilishuka. Oksitosini, ile homoni inayomsaidia mama kunyonyesha na kumpenda mtoto wake, iliongezeka kwa mtu na kwa mbwa pia. Yaani wote wawili walifarijika.

Lakini sikilizeni yaliyofuata, maana hapa ndipo tungempoteza Bado, na pengine mama pia. Mbwa mwenye kichaa aliingia kijijini, akamwuma mtoto. Watu wakakasirika, wakaamua kuua kila mbwa. Walifika kwa mama huyu na marungu. Mama akasimama langoni, akatoa kadi ya chanjo. Mwenyekiti wa kikundi ndiye aliyemsindikiza siku ya chanjo, naye akaja akasimama kando yake. Watu wakashusha marungu. Afisa wa mifugo alimchanja Bado tena, akaagiza afungwe na kuangaliwa. Yule mtoto alioshwa kidonda mara moja, akapelekwa hospitalini akachanjwa, na leo anasoma.

Kwa hiyo, wapendwa, tushike mambo haya:

1. Ukiokota mnyama, mshike kwa uangalifu. Mbwa anayetokwa na mate ovyo, anayeyumba au anayeuma kila kitu usimguse. Mwite afisa wa mifugo.

2. Mbwa na paka wachanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Tunza kadi. Kenya imejiwekea mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na haitawezekana tusipowaleta mbwa wetu.

3. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Asingoje kuona dalili. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.

4. Mnyama hachukui nafasi ya watu. Mfiwa asiyelala, asiyekula, au anayesema heri afe, asiachiwe mbwa peke yake amtunze. Mpelekeni hospitalini, na mkae naye.

5. Usifuge usichoweza kulisha. Kumtesa mnyama ni kosa kwa sheria ya Kenya. Mwombe daktari wa mifugo amfunge mbwa uzazi, ili tusikute tena magunia mtaroni.

Mimi nina diploma, lakini mbwa mmoja wa mtaroni alifungua mlango nilioshindwa kuufungua mara tatu. Nilikwenda pale kumwuliza mama anahitaji nini. Bado hakumwuliza kitu. Yeye ndiye aliyemhitaji mama. Labda hilo ndilo tunalosahau tunapowatembelea wafiwa: tunawapelekea unga na sukari, na ni vizuri, lakini hatuwapi kazi ya kufanya, hatuwaambii kwamba na sisi tunawahitaji.



Maswali ya kujadiliana kikundini

- Nani katika kikundi chetu ameacha kuja, na nani atakwenda kumwona wiki hii?
- Mbwa wangapi kijijini hawajachanjwa? Nani atazungumza na afisa wa mifugo?
- Tunaweza kumpa mfiwa wetu kazi gani, ili ajue kwamba tunamhitaji?