Gia, Propela na Difu: Sikiliza Kabla ya Kufungua

Katika somo lililopita tulimaliza habari za injini. Leo tutatoka mbele ya gari tuelekee nyuma, tuifuate njia ambayo nguvu ya injini huipita mpaka ikafika kwenye magurudumu. Wengi wenu mna pikapu, au mnaendesha pikapu ya kikundi, na maswali mnayoniuliza karibu yote ni ya namna moja: "Gari inalia chini, fundi anasema giaboksi imekufa. Nifanyeje?"

Jibu langu la kwanza ni hili: mtu asifungue hata nati moja mpaka wewe mwenye gari umejua kelele hiyo inalia wakati gani. Mahali ilipo kelele ni vigumu kupajua kwa sikio, maana chuma husafirisha sauti, na mlio wa nyuma waweza kusikika kama uko chini ya miguu yako. Lakini wakati wake hausemi uongo. Je, inalia gari likiwa limesimama? Inalia ukikanyaga klachi, au ukiiachia? Inalia ukiondoka, au ukifika mwendo wa kilomita 60? Andika katika karatasi. Karatasi hiyo yaweza kukuokolea fedha nyingi, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tuijue njia yenyewe. Mmewaona watu wakijenga, wamejipanga mstari, wanapokezana matofali. Ndivyo ilivyo chini ya pikapu ya kawaida, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini humpa klachi, klachi humpa giaboksi, giaboksi huipa propela, yaani ile shafti ndefu ipitayo chini ya gari, propela huipa difu, na difu huzigawia ekseli mbili za magurudumu. Tofali likianguka katikati ya mstari, si haki kumlaumu mtu wa kwanza.

Propela huzunguka kwa kasi kuliko wengi wanavyodhani. Chukua pikapu ambayo difu yake ina meno 41 kwenye gurudumu kubwa na meno 9 kwenye pinioni, hesabu ambayo si ngeni katika pikapu za kazi. Gurudumu la nje likizunguka mara moja, propela imezunguka mara nne na nusu na zaidi kidogo. Sasa tuseme tairi likizunguka mara moja gari husogea mita 2.2, na gari linakwenda kilomita 80 kwa saa. Propela inazunguka zaidi ya mara 2,700 kila dakika! Chuma kirefu kizito kikizunguka hivyo huku mwisho wake mmoja unalegea, utaelewa kwa nini gari zima linatetemeka.

Sasa nitawasimulia jambo lililonipata mwenyewe. Nilikuwa nimepanda pikapu ya kikundi cha wakulima kutoka Mombo kwenda Lushoto. Njia hiyo ni kilomita 33 hivi, na tangu unapoiacha bara bara kuu mpaka juu ni kona na mlima. Gari hilo hushuka na kabichi na karoti, hupanda na mbolea na watu. Kila dereva alipoondoka lilipiga chini "ko!" kama mtu aliyegonga sufuria kwa nyundo. Akirudi nyuma kidogo kisha akaenda mbele, "ko!" tena. Nikamwuliza, akasema, "Ni giaboksi, Mwalimu. Fundi amekwisha sema. Tunachangishana." Kila mwanachama alikuwa ametakiwa atoe fedha, na wengine walikuwa wamekwisha uza mbuzi.

Tulipofika, mwenyekiti akaniomba nimwone fundi mwingine, mzee mmoja mwenye karakana ndogo kando ya njia, ili apate neno la pili. Tukamwamkia, akaitika, akamwuliza dereva maswali matatu tu. Gia zinaingia vizuri? Zinaingia. Gari likisimama na injini inanguruma, kuna mlio? Hakuna. Siku za kwanza, kabla ya huo mgongo, hukusikia kitu kikilia kama ndege, twi, twi, twi, ukienda polepole? Dereva akacheka, akasema alisikia, tena kwa miezi, akadhani ni breki.

Nami, kwa kuwa nimesoma diploma na nilitaka nionekane mtu wa maana, nikavua koti nikajiinamia ili niingie chini ya gari pamoja naye. Palikuwa na mteremko kidogo. Breki ya mkono ilikuwa haishiki, kebo yake imelegea siku nyingi, lakini nilikuwa nimeona dereva ametia gia ya kwanza. Yule mzee akanishika bega.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Chini, Mzee, tuitazame propela. Gari limetiwa gia."

"Vyema. Nasi tukifungua propela, hiyo gia itashika nini?"

Sikuwa na jibu. Gia huyashika magurudumu kwa kupitia propela. Ukiitoa propela, giaboksi imeshika hewa, na gari lina ruhusa ya kukwenda zake, nawe umelala chini yake. Mzee akatuma kijana alete mawe manne makubwa, akayasukuma mwenyewe mbele na nyuma ya magurudumu kwa mguu, kisha ndipo akalala chini.

Nakuomba usilipite jambo hili haraka. Hata usipotoa propela, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gia peke yake haitashika gari, kwa sababu difu imetengenezwa ili gurudumu moja liweze kuzunguka mbali na mwenzake: lile la hewani litazunguka kinyume, na lile la chini litabingirika. Tena katika Land Rover za zamani breki ya mkono haimo magurudumuni. Imewekwa nyuma ya giaboksi, inaishika propela. Huko ukifungua propela ya nyuma umepoteza gia na breki ya mkono kwa pamoja. Basi tafuta mahali tambarare, weka mawe au magogo ya kabari, na kama gari limeinuliwa liwekee stendi za chuma, wala usitegemee jeki tu.

Turudi chini ya pikapu yetu. Mzee alishika propela kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akashika ule uma wa chuma uliofungwa kwenye difu, akazipinda upande huu na huu. Kati ya vyuma hivyo pana krosi. Krosi ni chuma chenye umbo la msalaba, na kila ncha yake imevikwa kikombe ambacho ndani yake mna vyuma vyembamba kama sindano, vinavyoelea katika grisi. Ndiyo inayoiwezesha propela kuzunguka huku nyuma ya gari inapanda na kushuka mashimoni. Si kitu kipya. Mwingereza Robert Hooke aliandika habari zake katika karne ya 17, kabla motokaa hazijaota hata ndotoni. Krosi nzima haichezi hata kidogo mkononi. Hii ilicheza, na kandokando ya kikombe palikuwa na unga mwekundu wa kutu. Unga huo ni alama kwamba grisi imekwisha na sindano zinajisaga. Ule mlio wa ndege ulikuwa ndiyo mwanzo, na "ko!" ndiyo mwisho wake. Lakini angalia usidanganyike: ukiizungusha propela, huenda ikasogea kidogo kwa ajili ya nafasi iliyo kati ya meno ya difu, na hiyo ni desturi. Wewe tazama krosi yenyewe.

Kabla hajafungua, mzee alichukua chaki ya rangi akapiga mstari mmoja unaopita juu ya propela na juu ya uma wa difu, na mwingine pale ambapo propela huingiana mbele. Vijana wengi huliacha jambo hili, nami naona ni kosa kubwa. Krosi ikifanya kazi katika pembe haizungushi kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kulegea mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, mradi vyuma vipangwe kama vilivyopangwa na watengenezaji. Ukiirudisha propela imegeuka meno mawili matatu, gari litatetemeka na krosi mpya itakufa upesi, nawe utasema ulinunua kitu bandia.

Kikundi kilinunua krosi mbili. Giaboksi haikuguswa, na fedha za michango zikarudishwa, ingawa mbuzi waliokwisha uzwa hawakurudi. Lakini fikirini kama wangeendelea. Krosi ikivunjika, propela huanguka. Ikianguka ya nyuma, hujiburuta na kupiga sakafu ya gari au bomba la breki. Ikianguka ya mbele, yaweza kuchoma ardhini. Na katika mteremko wa kwenda Mombo, propela ikitoka, injini haiwezi tena kulizuia gari, zimebaki breki peke yake, na nyuma kuna tani moja ya kabichi na watu wamekaa juu yake.

Sasa hebu tupitie milio mingine. Simamisha gari, usitie gia, injini iwe inanguruma. Kukiwa na mlio wa kusaga ambao unanyamaza ukikanyaga klachi, tazameni beringi za mbele za giaboksi. Kukiwa kimya, kisha mlio ukaanza pale unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi, ile inayosukuma. Ukipanda mlima injini ikapiga kelele nyingi lakini mwendo hauongezeki, tena ukanusa harufu ya kuungua, klachi inateleza. Mara nyingi ni dereva anayeufanya mguu wake upumzike juu ya pedali siku nzima. Gia zikikwaruza, hasa ya nyuma, klachi haiachii sawasawa. Anza na kikopo cha mafuta yake kabla hujafikiria kushusha giaboksi.

Lakini gia ikichomoka yenyewe, usingoje. Huchomoka zaidi ukiachia akseleta kwenye mteremko, yaani saa ile unapoihitaji kuliko saa zote. Huenda ni meno na springi zilizokwisha ndani, huenda ni mipira tu inayoshikilia giaboksi. Fundi atazame mipira kwanza, maana ni rahisi.

Difu nayo ina sauti yake, uvumi kama wa nyuki. Ukikanyaga akseleta uvumi hubadilika, ukiachia hubadilika tena. Uvumi usiojali akseleta bali unazidi ukikata kona upande mmoja, mara nyingi ni beringi ya gurudumu, si difu. Nimeona difu nzima zikifunguliwa kwa sababu ya beringi ya gurudumu.

Wenye pikapu za magurudumu manne, neno moja. Mkitoka shambani kwenye matope mkafika lami, rudisheni ile gia ndogo. Katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope hujitelezea yakasawazika, kwenye lami kavu hayatelezi, na vyuma vyote vya kati hujikaza mpaka kitu kikatike.

Imebaki oili. Fungua kwanza kizibo cha kujazia, ndipo ufungue cha kumwagia. Nimemwona mtu aliyemwaga oili yote ya difu, kisha kizibo cha juu kikagoma kufunguka, gari likalala pale siku mbili. Katika giaboksi na difu nyingi oili hufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ingiza kidole ujue. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Oili iliyogeuka rangi kama maziwa imeingia maji: difu yenye moto ikitumbukia mtoni hupoa ghafla na kuvuta maji. Na juu ya difu kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Kikizibwa na udongo, hewa ya moto husukuma oili nje kupitia sili, ikaingia katika breki za nyuma. Watu hubadilisha sili mara tatu, na kitundu hakijapata kusafishwa. Aina ya oili isome katika kitabu cha gari lako: difu nyingi hutaka ile iliyoandikwa GL-5, lakini katika giaboksi nyingine oili hiyo hiyo hula pete za shaba, zenyewe zinataka GL-4.

Kazi ya juma hili kwa kila kundi ni moja. Tafuteni pikapu iliyo karibu nanyi, ombeni ruhusa kwa mwenyewe, wekeni mawe manne, injini izimwe na kupoa, na kila mtu kwa zamu yake aishike krosi ya nyuma na kuipinda kwa mikono miwili. Andikeni mlichokiona, pamoja na kilomita gari lilizokwenda tangu kupigwa grisi, kama dereva anakumbuka. Juma lijalo, saa ile ile, tutazungumza juu ya breki.