TUMBO LIKIUMA, TUMUULIZE NANI?

(Mazungumzo ya muuguzi wa zahanati mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya magonjwa madogo madogo: kichwa, mgongo, magoti, tumbo. Yote siwezi kuyamaliza kabla ya chai. Nitakaa kwenye tumbo, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunajiumiza tukidhani tunajitibu.

Chukua mama aliyelima toka asubuhi. Jioni magoti yanauma. Anamtuma mtoto dukani: "Mwambie akupatie za maumivu." Mwenye duka haulizi ni za nani. Anafunga mbili kwa karatasi. Kesho hivyo hivyo, mpaka mwezi unaisha. Sasa, dawa kama aspirini, brufeni na diklofenaki zinadhoofisha ule utando unaolinda tumbo lisichomwe na asidi yake lenyewe. Tumbo linaanza kuwaka. Na yule mama anafanya nini? Anatuma tena dukani, safari hii dawa ya alsa! Anapoa kidogo, na zile za magoti bado anameza. Kidonda kinaendelea kimya kimya.

Wengi wameambiwa kwamba alsa huletwa na pilipili, mawazo au kushinda njaa. Hayo yanaweza kuongeza uchungu, lakini sababu kubwa ni mbili: dawa nilizozitaja, na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori. Kilioteshwa maabarani huko Australia mwaka wa 1982 na Barry Marshall na Robin Warren. Madaktari wengi hawakuwaamini, hata mwaka wa 1984 Marshall akakinywa mwenyewe, akaugua tumbo. (Msimwige!) Mwaka wa 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Kwetu maana yake ni hii: alsa ya kijidudu hutibika kabisa. Kuna kipimo cha choo, halafu dawa za kuua kijidudu pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Ukiacha siku ya tano kwa sababu umepata nafuu, kijidudu kinabaki na kinazoea dawa.

Kwa hivyo ukifika kituo cha afya usiseme tu "nina alsa." Hilo ni jina, na huenda si lake. Sema uchungu uko wapi, ulianza lini, unakuja ukiwa na njaa au ukishakula, unakuamsha usiku ama la. Sema dawa zote ulizomeza, za duka na za mizizi. Beba pakiti zenyewe. Wazee wangu, na pombe pia mtaje. Daktari si mzee wa kanisa. Kama una mimba, presha au shida ya figo, sema kabla hajaandika dawa, maana diklofenaki na brufeni zinaweza kukudhuru.

Kuna wakati si wa kuuliza jirani. Ukitapika damu au kitu kama kahawa iliyosagwa, choo kikiwa cheusi kama lami, au tumbo likikaza kwa uchungu wa ghafla, nenda hospitali saa hiyo, hata usiku. Kifua kikibana pamoja na jasho na kukosa pumzi, usiseme ni kiungulia. Huenda ni moyo.

Na magoti je? Kwa wengi parasetamo ni nafuu kwa tumbo, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Soma pakiti, kwa sababu dawa nyingi za homa zina parasetamo ndani, na ukichanganya unazidisha bila kujua. Ikizidi inaharibu ini. Mnywaji wa pombe na mwenye ugonjwa wa ini waulize kwanza.

Kuuliza si lazima kuanze na nauli. Tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa mikoba ya vifaa na serikali, na wanazunguka nyumba kwa nyumba. Hawapimi kijidudu cha tumbo, lakini wanapima presha, na wanajua nani wa kutumwa kituoni. Kila kikundi kiandike jina la wake kwenye kitabu cha katibu. Mkutano ujao kila mmoja alete pakiti za dawa alizo nazo nyumbani, tuzisome pamoja.