*BIMA YA AFYA: ANAYEPOKEA KADI NA ANAYELIPA, WOTE WABANWE*



Haya ndiyo niliyosema kwenye kikao cha tawi. Nawatumia na ambao hawakufika.

Swali lilikuwa: daktari alazimishwe kupokea bima ya Serikali, au achague mwenyewe?

Tukumbuke Machi 2024. NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali binafsi kupitia umoja wao, APHFTA, zilitangaza kusitisha huduma kwa wenye kadi kuanzia tarehe 1. Zilisema kwa bei zile haziwezi kujiendesha. Aliyehangaika ni mgonjwa ambaye mshahara wake ulishakatwa.

Dar es Salaam ukikataliwa hapa unapanda daladala kwenda pale. Ngara na Biharamulo sivyo. Hospitali tulizozitegemea miaka mingi ni za makanisa: Murgwanza ya Anglikana, Rulenge ya Wakatoliki, na hospitali teule ya Biharamulo, nayo ya Wakatoliki. Dirisha la bima likifungwa huko, mgonjwa anatafuta nauli ya Bukoba au Mwanza.

Kwa hiyo hospitali teule, inayopata ruzuku na watumishi wa Serikali, ipokee kadi. Hilo halina mjadala. Na daktari tusimlaumu, yeye ni mwajiriwa. Mwenye uamuzi ni mmiliki.

Lakini mimi ni mtu wa hesabu, nawaambia ukweli. Hospitali inatibu leo, inapeleka madai, inasubiri. Dawa, mafuta ya jenereta na mishahara havisubiri. Malipo yakichelewa haitakwambia "hatupokei kadi". Itakwambia "dawa hiyo imeisha, kanunue nje". Kadi imepokelewa, sheria imetimizwa, na wewe umetoa hela mfukoni.

Wengine wamesema hospitali nazo zinaghushi madai. Wapo wanaofanya hivyo. Wakaguliwe, washtakiwe. Ila madai safi yasifungiwe kabati moja na ya wezi.

CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Mkulima wetu alikuwa anaitoa akiuza kahawa. Akirudishwa dirishani mara moja, mwakani hatoi, na jirani yake hatoi. Mfuko unakufa hivyo.

Bunge lilishapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023. Napendekeza tupeleke kata mambo matatu:

1. Kila kituo kinachopata fedha ya umma kilazimike kupokea bima ya Serikali.
2. Mfuko nao uwekewe siku ya mwisho ya kulipa madai yaliyohakikiwa, na ukichelewa ulipe faini.
3. Kliniki ya mtu binafsi iingie kwa mkataba, ila dharura isikatae. Mama anayetoka damu aanze kutibiwa, kadi itafuata.

Tutapiga kura kikao kijacho. Mwenye hoja tofauti aje nayo, au anitumie ujumbe kabla.

Kazi njema.

*Katibu wa Tawi*