Mwakilishi si Tarishi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani)



Kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze juu ya uongozi, na ikaniomba pia nisizidishe nusu saa. Nitatii yote mawili. Lakini sitazungumza juu ya uongozi kwa jumla, maana maneno ya jumla mnayasikia kila Jumatatu mstarini. Nitazungumza juu ya mtu mmoja, Seneta Frank Church wa jimbo la Idaho huko Marekani. Kwa muda wa miaka 24 mtu huyu aliwakilisha watu ambao, katika mambo mengi makubwa, hawakuwa na mawazo kama yake.

Jina lake nililikuta kwa njia ya viazi. Mimi ni bwana shamba, kama wengi wenu mnavyojua, na mwaka 1979 nilipelekwa Chuo Kikuu cha Idaho kusomea kilimo cha viazi mviringo. Chuo hicho kiko katika mji mdogo uitwao Moscow. Ndugu zangu walipopokea barua zenye jina hilo juu yake, walidhani nimehamia kwa Warusi.

Idaho ni nchi ya milima, misitu, migodi ya fedha, na mashamba makubwa ya viazi katika bonde la Mto Snake. Watu wake ni wachapa kazi na wakarimu, na wengi wao ni wahafidhina. Hawapendi serikali kuu iwaingilie katika ardhi yao, bunduki zao za kuwindia, wala mifuko yao. Church alikuwa mliberali, yaani mtu aliyeamini kwamba serikali ina wajibu wa kuwasaidia wazee na wanyonge, kwamba raia weusi wapate haki sawa, na kwamba nchi kubwa isizichezee nchi ndogo. Basi nikajiuliza, watu hawa walimchaguaje mtu huyu mara nne?

Swali hili linatuhusu sisi pia. Kila baada ya miaka mitano tunabishana vijiweni: je, mbunge ni tarishi wa wapiga kura, anayepeleka barua kama alivyokabidhiwa, au ni mtu tuliyempa dhamana ya kutumia akili yake kwa ajili yetu? Maisha ya Church yanatoa jibu, na yanaonyesha pia gharama ya jibu hilo.

Alizaliwa Boise, mji mkuu wa Idaho, mwaka 1924. Mwaka 1941, akiwa kijana wa sekondari kama ninyi, alishinda mashindano ya taifa ya kutoa hotuba, na zawadi yake ikamsaidia kwenda chuo kikuu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi huko Asia. Mwaka 1948 madaktari walimkuta na saratani na kumwambia kwamba alikuwa amebakiwa na miezi michache tu. Akatibiwa, akapona. Baadaye alieleza kwamba baada ya mkasa ule aliona maisha yenyewe ni bahati nasibu, na kwa hiyo hakuona sababu ya kuogopa kujaribu mambo makubwa. Mwaka 1952 aligombea kiti katika bunge la jimbo, akashindwa. Mwaka 1956 akagombea useneta, akashinda akiwa na umri wa miaka 32, ingawa mwaka huohuo watu wa Idaho walimpa Rais Eisenhower wa chama cha pili ushindi mkubwa.

Sasa, siri yake ilikuwa nini? Nionavyo mimi, mambo yalikuwa matatu.

La kwanza ni kazi. Church hakuacha mambo ya nyumbani yalale kwa sababu anashughulika na ya dunia. Alipinga mipango ya kupeleka maji ya mito ya Kaskazini-Magharibi kwenye majimbo makavu ya kusini, na kwa mkulima wa viazi maji ndiyo uhai. Alipigania pensheni za wazee. Juu ya sheria za kuzuia bunduki alisimama pamoja na watu wake, si pamoja na waliberali wenzake wa mijini. Mkulima mmoja karibu na kituo cha utafiti cha Aberdeen, mtu asiyekipenda kabisa chama cha Church, alinieleza kwamba alikuwa akimpigia kura kwa sababu barua zake zilijibiwa.

La pili ni kusema waziwazi. Mwaka 1965, Rais Johnson wa chama chake mwenyewe alipokuwa akizidisha vita vya Vietnam, Church alikuwa miongoni mwa maseneta wa mwanzo kupinga. Mwaka 1967 wapinzani wake huko Idaho walianzisha kampeni ya kumwondoa kabla ya muda wake. Ikashindikana, na mwaka 1968 akachaguliwa tena kwa karibu asilimia 60 ya kura, wakati jimbo hilohilo lilimpa Nixon kura za urais. Mwaka 1970, pamoja na Seneta John Sherman Cooper wa chama cha Republican, alileta pendekezo la kukata fedha za kuendeshea majeshi ya Marekani nchini Kambodia. Seneti ikalipitisha kwa kura 58 dhidi ya 37. Baraza la Wawakilishi lililikataa kwanza, lakini baadaye sehemu yake ikaingia katika sheria.

Alisimama vivyo hivyo juu ya misitu. Wenye migodi, wenye viwanda vya mbao na wafugaji hawakutaka ardhi kubwa ifungwe. Hata hivyo Church aliusimamia katika Seneti mswada wa hifadhi za nyika, uliokuja kuwa sheria mwaka 1964. Leo hifadhi kubwa katikati ya Idaho, yenye eka zaidi ya milioni mbili, inabeba jina lake.

La tatu ni kuwa tayari kushindwa, na hapa Afrika inaingia. Mwaka 1975 Church alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maseneta 11, kutoka vyama vyote viwili, iliyochunguza vitendo vya siri vya CIA, FBI na vyombo vingine vya usalama. Rais Ford aliomba taarifa juu ya njama za kuwaua viongozi wa nchi za nje isitangazwe. Kamati ikaitangaza Novemba mwaka huo. Ndani yake dunia ilisoma jinsi maofisa wa CIA walivyopanga mwaka 1960 kumwua kwa sumu Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa Kongo, na jinsi sumu yenyewe ilivyopelekwa hadi Leopoldville, Kinshasa ya leo. Sumu ile haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga Januari 1961 kwa mikono ya wengine, na kamati haikupata ushahidi kwamba CIA ilishiriki katika mauaji yale. Lakini njama ilikuwapo, na ilitangazwa na Wamarekani wenyewe. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi jina la Lumumba lilivyotajwa kwa uchungu katika shule zetu. Mtu aliyesaidia ukweli huo utoke alichaguliwa na wakulima wa viazi ambao wengi wao Kongo hawakuijua.

Mwaka 1978 akasimamia Seneti mikataba ya kuirudishia Panama mfereji wake. Ilipita kwa kura 68 dhidi ya 32, ikizidi kiwango kilichotakiwa kwa kura moja tu. Idaho ilichukizwa. Uchaguzi wa Novemba 1980 nikiwa kulekule, niliona matangazo ya kumpinga yakimwagwa kwa fedha za vikundi kutoka nje ya jimbo. Reagan aliizoa Idaho. Church alishindwa na Steve Symms kwa tofauti isiyofika asilimia moja. Akafariki Aprili 1984 kwa saratani nyingine. Tangu alipochaguliwa mara ya mwisho mwaka 1974, hakuna mtu wa chama chake aliyeshinda useneta wa Idaho.

Wapo watakaosema kwamba ushindi wa Symms ulikuwa dhuluma. Mimi sisemi hivyo. Wapiga kura walikuwa na haki ya kumwondoa, kama walivyokuwa na haki ya kumweka. Kura ikimruhusu mwakilishi kutumia akili yake, lazima pia iwaruhusu watu kumwambia kwamba sasa basi. Anayetaka uhuru wa kwanza bila kuukubali wa pili hataki uwakilishi, anataka usultani. Na anayewafuata watu katika kila jambo ili asiondolewe, huyo ni tarishi, na tarishi hahitaji kura.

Vijana, mwezi ujao mtachagua viranja. Atakayewaahidi kwamba atasema kila mnalotaka, mwogopeni. Mtazameni yule anayefagia bweni zamu yake ikifika, anayewaambia usoni msilopenda kusikia, na ambaye mkimnyima kura kesho atawasalimia kama jana. Cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa kwa mwenyewe anapoidai.

Kwa wazee wenzangu naongeza neno moja. Baadhi yetu ni madiwani, wengine ni wenyeviti wa vijiji na wa vyama vya ushirika. Tuwajibu watu barua zao. Tukifanya hivyo kwa miaka kumi, siku tutakapolazimika kuwaambia hapana, huenda watatusikiliza.