Mjane na Paka Wake



Mama mmoja mjane aliniuliza kama ni dhambi kumlilia paka. Dume lake lilishinda likichuchumaa, likijikamua bila kupata mkojo. Kesho yake lilikuwa hoi. Njia ya mkojo ikiziba, paka aweza kufa kwa siku mbili tatu tu. Daktari wa mifugo aitwe upesi, wala paka asipewe Panadol, hata nusu kidonge, maana kwake ni sumu.

Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2416, yafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, nasi twawiwa kuwatendea wema. Namba 2418 yaongeza neno gumu: fedha inayopaswa kwanza kuwaondolea watu taabu isitumiwe kwa mnyama. Na mama huyo, fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ada ya mjukuu.

Ada haikuguswa. Daktari alikubali kulipwa kidogo kidogo, akamtia paka mpira wa kutoa mkojo. Lakini figo zilikwisha kuharibika. Mjukuu alimzika chini ya mwembe. Bibi yake akalia, nami sikumkataza.