Mizani Haioni Breki: Tela, Sheria na Barabara za Kigoma



Mji huu wa Kigoma umekula na kusomesha watoto kwa mizigo inayopita. Enzi za misafara, mpagazi aliyetoka pwani kuja Ujiji alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilimtua mzigo huo, na bandari ikawa mlango wa shehena za Bujumbura, Uvira na Kalemie. Siku hizi barabara nayo inabeba sehemu yake, kwa lori lenye tela. Ekseli tatu zilizokaa pamoja nyuma ya tela zinaruhusiwa kubeba tani 24. Ni mizigo ya wapagazi 750, inayokwenda mwendo wa hadi kilomita 80 kwa saa, na wa kuizuia ni dereva mmoja.

Hoja yangu usiku huu ni kwamba tumelisimamia tela kama uzito, hatujalisimamia kama chombo.

Uzito tumeushughulikia vizuri, na nawapongeza waliofanya kazi hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari la ekseli saba. Sababu zake ni za kisayansi. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 13, uharibifu unakaribia mara tatu. Nchi inayokopa ili kujenga lami lazima iwe na mizani.

Lakini mizani haioni breki. Gari lenye tani 50 halali hupita salama juu yake hata kama magurudumu ya tela hayashiki kabisa, na karatasi ya mizani haitasema lolote kuhusu hilo.

Niruhusuni nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo watu wanapofia. Breki za tela ni za upepo, na upepo huo unatoka kwenye kichwa cha lori kupitia mipira miwili. Dereva akikanyaga, breki za kichwa huwahi, za tela huchelewa kidogo kwa sababu upepo una safari ndefu zaidi. Kwa tela lililotunzwa, tofauti hiyo ni ndogo. Tatizo linaanza pale breki ya gurudumu moja inapovuja au kung'ang'ania njiani, na fundi akaziba njia ya upepo ili safari isikwame. Kesho inazibwa ya pili. Kwenye tambarare dereva hatajua kitu. Ila Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kasulu na Manyovu ziko juu sana kuliko hapo. Anayekuja Kigoma na shehena ni lazima ateremke. Katika mteremko, kichwa kinashika na tela halishiki. Tela linakisukuma kichwa, na penye kona, hasa lami ikiwa na mvua, gari zima linajikunja katikati. Tela linafagia upande wa pili wa barabara, na upande huo kuna bodaboda, kuna mama na ndoo ya mawese kichwani, kuna watoto wanaotoka shule.

Kisha kuna suala la nani anayewajibika kwa tela. Tela lina namba yake ya usajili, tofauti na ya kichwa. Ndiyo maana taarifa za polisi hutaja namba mbili. Kichwa kina dereva anayekisikiliza kila siku. Tela huachwa, likachukuliwa na kichwa kingine, likavutwa leo na huyu, kesho na yule. Kila dereva analikuta na kasoro za aliyetangulia.

Usiku nao una lake. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri barabarani unataka tela liwe na viakisi vyekundu vya pembetatu nyuma, kila upande usiopungua sentimeta 15, ili anayekuja ajue mbele yake kuna kitu kinachovutwa. Unataka pia tela lenye breki lisimame lenyewe kiungio kikikatika, na tela dogo lisilo na mfumo huo liwe na mnyororo wa akiba. Haya si mambo ya nchi tajiri. Mnyororo unauzwa dukani. Hata hivyo tunaendelea kutandaza matawi ya miti barabarani nyuma ya lori bovu, na matela ya trekta yanatembea gizani bila taa hata moja.

Wapo watakaosema ukaguzi zaidi utaongeza foleni, gharama na rushwa. Foleni naikubali, dakika kumi si kitu mbele ya roho ya mtu. Rushwa hupungua pale matokeo yanapoandikwa na kubaki. Kwa hiyo napendekeza kila tela liwe na daftari lake la ukaguzi, linalokwenda nalo popote linapovutwa, likiwa na tarehe, hali ya breki kwa kila gurudumu, kiungio, taa na kufuli za kontena. Likaguliwe palepale gari linaposimama kupimwa, na kwenye geti la bandari kabla ya kutoka na mzigo. Anayeziba breki aandike jina lake, na tela lisipakiwe tena mpaka zifunguliwe.

Wamiliki wa magari mliomo humu, hamhitaji kusubiri kanuni mpya. Kesho asubuhi, kabla gari halijatoka, lala chini ya tela lako pamoja na fundi, dereva akanyage breki, mhesabu magurudumu yanayoshika. Likikosekana moja, gari lisitoke.